Usiandikie Kwenye Kisanduku

Mwaka jana, siku ya mwisho ya rufaa za mkopo, nilikaa chumba cha kompyuta tangu saa mbili usiku. Fomu ya mtandaoni ilikuwa na kisanduku kimoja: eleza hali ya familia yako. Nikaeleza. Mzee kuacha kazi kwa ugonjwa, mama na genge lake la nyanya, wadogo zangu wawili wako sekondari. Si mambo unayoyaandika chapuchapu. Nilifuta, nikaanza upya, nikatoka nje kumpigia mama nimuulize tarehe. Saa sita kasoro robo nikabonyeza "Wasilisha". Ukurasa ukanitaka niingize nywila tena. Nikaingiza. Kisanduku kikarudi cheupe pee.

Mara ya pili niliandika mistari minne, jicho moja likiwa kwenye saa. Rufaa haikupita. Siwezi kusema ni kwa sababu ya mistari ile, ila yale maelezo ya kwanza hakuna aliyeyasoma.

Rafiki yangu anayesoma kompyuta ndiye aliyenielewesha. Ukiingia kwenye mfumo, seva inakuwekea muda. Ikipita kitambo hujafungua ukurasa mwingine wala kutuma chochote, inakuhesabu umeondoka na kukutoa, kwa usalama wako, maana kompyuta hizi tunazikalia wengi. Na kuandika ndani ya kisanduku, kwa mifumo mingi, si kutuma. Maneno yako yapo kwenye kivinjari tu. Seva haina habari kwamba upo unahangaika. Kwenye simu ndiyo balaa: ukitoka kidogo kujibu WhatsApp, simu yenye RAM ndogo inaweza kuutupa ule ukurasa kimyakimya, ukirudi inaupakia upya, mtupu.

Siku hizi kitu chochote kinachozidi mistari mitano nakiandikia nje. Natumia Notepad, ambayo imekuwemo kwenye Windows tangu toleo la kwanza la 1985 na haili bando. Naandika, nabonyeza Ctrl+S kila baada ya aya, nahifadhi kwenye flashi. Nikiridhika ndipo nafungua fomu, nabandika, nawasilisha. Kwenye simu naandikia sehemu ya notsi. Wenzetu wa kompyuta hawaoni ajabu: Mutt, programu ya baruapepe iliyoanza 1995, kwa kawaida haitumii hata mahali pake pa kuandikia. Ukitaka kujibu barua inakufungulia programu uliyoichagua mwenyewe, kama Vim au Emacs, na ukishahifadhi na kufunga ndipo unaamua kutuma.

Kwa nini si Word? Inawezekana, ila sisi wa Kiswahili tuwe macho. Word huikunja ritifaa ya ng'ombe iwe alama nyingine, na mifumo ya zamani haiitambui. Nimewahi kumwandikia mtu kwamba "nang?ang?ana na masomo". Pia Word hubeba fonti na rangi zake hadi kwenye baruapepe. Kwenye Chrome, Ctrl+Shift+V hubandika maneno matupu.

Faida nyingine niliigundua muhula huu: Notepad haina kitufe cha kutuma. Maksi zangu za kozi weki hazikuonekana, sup inaninukia, nikamwandikia mhadhiri usiku nikiwa na hasira zangu. Nikahifadhi, nikalala. Asubuhi nikasoma, nikaing'oa aya yote ya kwanza, nikaweka namba ya usajili, kodi ya kozi na tarehe niliyofanya jaribio. Nikabandika, na anwani yake nikaijaza mwisho kabisa. Kabla ya saa saba mchana akajibu kwamba karatasi yangu ameipata, ilichanganyika na za kundi lingine.

Ile aya ya kwanza bado ninayo kwenye flashi. Haifai kusomwa na mtu.