Kufa Mara Kumi na Mbili kwa Dakika Kumi

Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kwenye mechi ya kawaida ya Call of Duty 4: Modern Warfare, gemu ya vita iliyotoka Novemba 2007, wanaingia uwanjani watu 12, sita kwa sita. Timu inayotangulia kuua wapinzani 75 ndiyo mshindi, na muda haupiti dakika 10. Tuseme mechi imekwenda mpaka dakika ya mwisho na kuisha 75 kwa 70. Jumla ya vifo ni 145. Gawa kwa 12: kila mchezaji, kwa wastani, ameua mara 12 na kuuawa mara 12. Moyo wake umeshtuka mara 24, yaani mara moja kila sekunde 25, na nusu ya mishtuko hiyo aliyelala chini ni yeye.

Hapo ndipo penye fumbo. Kila anayeua, kuna aliyeuawa, na furaha ya ziada haipatikani popote. Mkiwekwa pamoja nyote 12, wastani wa kuua kwa kufa hauwezi kuvuka moja. Akitokea fundi anayeua 30 na kufa 5, wapo wenzake waliobeba deni lake. Kama utamu wa gemu hizi ungekuwa kuua peke yake, nusu ya wateja wangeshika pedi wiki moja wakaiweka chini.

Hawakuiweka. Modern Warfare 2, ya mfululizo huo huo wa Call of Duty, ilipotoka Novemba 2009, iliuza nakala milioni 4.7 kwa siku moja katika Marekani na Uingereza pekee, zenye thamani ya dola milioni 310. Miaka miwili baadaye Modern Warfare 3 iliuza nakala milioni 6.5 siku ya kwanza katika nchi hizo hizo, na mauzo yake duniani yakafika dola bilioni 1 kwa siku 16. Warzone, nyingine ya mfululizo huo, iliyotolewa bure Machi 2020, ilipata wachezaji milioni 6 ndani ya saa 24, na kufikia Aprili 2021 walikuwa milioni 100. Ile ya simu, Call of Duty: Mobile ya Oktoba 2019, ilipakuliwa mara milioni 100 ndani ya wiki yake ya kwanza. Umati wa namna hii hauwezi kuwa wa mafundi watupu. Wengi wao, kwa nguvu ya hesabu tu, ni watu wa kawaida wanaokufa sawasawa na wanavyoua, au zaidi. Basi anayestahili kuulizwa ni huyo wa kawaida: mtu anayekufa mara 12 kabla chai yake haijapoa, anafurahia nini?

Nimeliangalia jambo hili kwa miaka, na jibu langu ni kwamba waliotengeneza gemu hizi walishusha bei ya kufa. Ukipigwa, unaonyeshwa kwa sekunde chache mahali alipojificha aliyekupiga, na njia uliyopita kama alivyoiona yeye. Kisha unarudi uwanjani. Hakuna benchi, hakuna kuhesabu hasara. Hasira haijapata pa kukaa, tayari una bunduki mkononi na umejifunza kona moja zaidi ya ramani. Vijana wa mjini wana msemo wao, kutesa kwa zamu, na sijui msemo mwingine unaoeleza gemu hizi vizuri zaidi. Zamu yako iko karibu sana, sekunde 25 tu mbele yako.

Lakini zamu zinazofanana zingechosha. Ndiyo maana gemu ile ya 2007 iliweka zawadi za kuua mfululizo bila kufa. Ukiua watatu, unapewa rada inayoonyesha adui walipo. Watano, unaita ndege zishambulie. Saba, inakuja helikopta. Namba hizo, tatu, tano na saba, zinaonekana ndogo, na mtu anaweza kudhani zilichaguliwa ovyo. Zipigie hesabu. Chukua mchezaji wa wastani kabisa, ambaye kila pambano kwake ni sawa na kurusha shilingi: nusu anaua, nusu anauawa. Uwezekano wa kuua watatu kabla hajafa ni moja kwa 8. Watano ni moja kwa 32, saba ni moja kwa 128. Kwa kuwa ana maisha 12 katika mechi moja, rada ataipata mara moja au mbili kila mechi. Ndege ataziita mara moja katika kila mechi tatu hivi. Helikopta itamjia mara moja katika mechi karibu 11, ambazo kwa dakika 10 kila moja ni kama saa moja na dakika 50.

Tazama mpango ulivyo. Kuna tonge la kila mechi, kuna la kila nusu saa, na kuna moja la jioni nzima, ambalo likifika anawapigia wenzake kelele kwenye maiki. Mtu wa wastani, asiye na kipaji chochote, amepewa jioni yenye kilele. Mimi naiheshimu hesabu hiyo kama ninavyoheshimu kazi ya fundi seremala aliyepima mara mbili kabla ya kukata.

Kasi nayo ina hesabu yake. Katika gemu zile mchezaji ana pointi 100 za uhai. Tuchukue bunduki ya mfano, inayotoa risasi 750 kwa dakika na kila risasi inapunguza pointi 30. Zinahitajika risasi 4, na kati ya risasi moja na nyingine ni milisekunde 80. Toka ya kwanza mpaka ya nne ni milisekunde 240, chini ya robo ya sekunde. Jicho na kidole cha binadamu huhitaji karibu muda huo huo, milisekunde 200 hadi 250, kuona kitu na kuanza kuitikia. Maana yake ni kwamba aliyekuona kwanza, asipokosea, amekumaliza kabla hujageuka.

Wapo wanaoona hilo ni dhuluma. Mimi naona ndilo lililoifungulia mlango jamii kubwa ya watu. Kama silaha zingeua polepole, mwenye vidole vyepesi angeshinda kila mara, kwa kuwa angekuwa na muda wa kugeuka na kurekebisha. Zinapoua kwa robo sekunde, mshindi ni aliyejua adui atapita mlango upi. Mtu wa miaka 40 mwenye vidole vizito, aliyeisoma ramani, anaweza kumwotea kijana wa miaka 17. Ujuzi wa njia, kusikiliza vishindo vya miguu kwenye hedifoni, mwenzako kukwambia "wawili juu, dirishani": hivyo hujifunzwa na kila mtu.

Watafiti walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2006 Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski waliandika kwamba kinachowavuta watu kwenye gemu ni mahitaji matatu ya binadamu: kujiamulia, kuhisi unaweza, na kuwa karibu na wenzako. Na kwa mzazi anayeuliza kuhusu hasira, mwaka 2014 Przybylski na wenzake walionyesha kwamba hisia za ukali baada ya kucheza zilifuatana na mchezaji kushindwa kuimudu gemu, iwe na damu au isiwe nayo. Mwaka 2019 yeye na Netta Weinstein walichunguza vijana Waingereza 1,004 wa miaka 14 na 15, na hawakukuta uhusiano kati ya kucheza gemu za ukatili na tabia ya ugomvi. Kinachomchoma mtu ni kuhisi hawezi. Kifo cha bei ya chini kinaondoa uchungu huo.

Kuna mfano mmoja ambao hauniishi akilini. Jeshi la Marekani lilitengeneza gemu yake, America's Army, iliyotolewa bure tarehe 4 Julai 2002 ili kuwavuta vijana kuandikishwa. Kwa miaka kama kumi iligharimu karibu dola milioni 33, na seva zake zilizimwa Mei 2022. Ilikuwa na tatizo: hakuna kijana aliyepaswa kucheza upande wa adui wa Marekani, na mechi ya timu mbili inahitaji adui. Suluhisho lao lilikuwa kwamba kila timu ijione yenyewe ni askari wa Marekani, na iwaone wale wengine kama maadui. Mnapigana, na kila mmoja kwenye kioo chake ni mtu mwema. Gemu nyingine hazikwenda mbali kiasi hicho, lakini zote zinafanya kazi moja ya kupanga mambo ili daftari lenye hasara na faida sawa lisomeke kama faida kwa kila anayelifungua.

Kazi hiyo imekuwa ghali mno. Nyaraka za mahakama huko California, zilizofahamika mwanzoni mwa 2025, zilitaja gharama ambazo Activision, kampuni inayotoa Call of Duty, ilikuwa ikizificha. Call of Duty: Black Ops III ya 2015 ilitumia zaidi ya dola milioni 450 na kuuza nakala milioni 43. Modern Warfare ya 2019 ilitumia zaidi ya milioni 640, nakala milioni 41. Black Ops Cold War ya 2020 ilipita dola milioni 700, nakala milioni 30. Ukigawa, kila nakala ya ile ya kwanza ilibeba dola 10 na nusu za utengenezaji, ya pili karibu 16, ya tatu zaidi ya 23. Katika miaka mitano tu gharama kwa kila nakala imezidi maradufu. Kwa hiyo duka limehamia ndani ya gemu: mwaka 2021 Activision Blizzard ilikusanya dola bilioni 5.1 kutokana na vitu vinavyouzwa ndani ya gemu zake zote, ikiwemo Candy Crush ya simu, kati ya mauzo ya bilioni 8.35. Mavazi ya askari na rangi za bunduki ndivyo vinavyolipa. Na mnunuzi wa vazi ni yule anayerudi kesho. Asiporudi, hakuna biashara.

Hapa mchezaji wa kawaida anageuka kuwa nguzo ya nyumba. Mwanzoni mwa 2024 kampuni hiyo ilifanya jaribio kwenye Modern Warfare III huko Amerika Kaskazini bila kuwatangazia wachezaji: kwa nusu yao, ilipunguza uzito wa uwezo katika kupanga nani acheze na nani. Mafundi walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba wanapambanishwa na mafundi wenzao tu, hawapumziki. Ripoti ilitoka Julai mwaka huo. Wachezaji asilimia 10 wa juu walirudi kwa wingi zaidi. Asilimia 90 waliobaki walirudi kwa uchache, na wengi zaidi waliacha mechi katikati. Kweli, ni kampuni inayojisahihishia mtihani wake yenyewe, lakini matokeo hayo yanakwenda sambamba na hesabu ya vifo 145. Ukiwaachia mafundi wale wanyonge, shilingi haiangukii tena nusu kwa nusu. Mwenye nafasi ya moja kwa nne tu katika kila pambano ataipata rada mara moja kwa 64, na helikopta mara moja kwa maisha 16,384. Huyo haiti ndege, haoni kilele. Anaondoka, na aliyekuwa juu yake kidogo sasa ndiye wa mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii inagongana na nyingine, ya umbali. Mwanga ndani ya kebo ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kabla ya kebo ya Seacom kuwashwa Julai 2009 ikipita Dar es Salaam na Mombasa, Tanzania na Kenya zilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu. Ishara ilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka: karibu milisekunde 480 hata kama mitambo yote ingekuwa kamilifu. Weka namba hiyo kando ya ile 240 ya bunduki yetu. Ulikuwa umeshakufa mara mbili kabla picha haijakufikia. Kizazi kizima cha wachezaji kilipita kikitazama tu.

Leo kutoka Dar es Salaam mpaka London, kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, haiwezi kupungua milisekunde 75, na kebo haziendi moja kwa moja. Johannesburg, kama kilomita 2,450, ni 25. Vituo vikubwa vya seva za kukodisha vilipofunguliwa Afrika Kusini, vya Microsoft Machi 2019 na vya Amazon Aprili 2020, mchezo wa haki ulisogea karibu. Lakini seva ya jirani haitoshi. Wanahitajika na watu. Mashine ya kupanga mechi inatafuta 11 wengine walio karibu na wenye uwezo kama wako. Ulaya usiku wowote wapo maelfu. Kwetu, saa tatu usiku Jumamosi wanapatikana. Saa tisa usiku Jumanne mashine inabaki na mambo mawili ya kuchagua: ikupe wa karibu waliokuzidi sana, au ikupe wa kiwango chako walio Ulaya, picha ianze kukwama.

Kijana wa jirani yangu, anayecheza kwa simu na bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, hukutana na uchaguzi huo kila siku. Juzi alinionyesha matokeo yake: ameua 4, amekufa 15. Nilimwuliza kwa nini asicheze mapema, saa tatu, wakati watu ni wengi. Akaniambia bando la mchana linakwisha kabla mechi ya pili haijaisha.