Asiye na pesa za wakili atapataje haki Meru na Embu?

WATOTO 11 wa kike waliowashtaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru mwishoni mwa mwaka wa 2012 hawakuwa na senti ya kumlipa wakili. Wote walikuwa wamenajisiwa. Kwa mujibu wa malalamishi yao, polisi ama hawakuandikisha taarifa zao ipasavyo, ama hawakufanya uchunguzi wa maana, ama waliwaacha washukiwa wakaendelea na shughuli zao vijijini kana kwamba hapakutendeka jambo. Kilichowafikisha watoto hao mbele ya jaji ni shirika la Ripples International la mjini Meru, lililokuwa likiwahifadhi, pamoja na mawakili waliokubali kusimama nao.

Mnamo Mei 27, 2013, Jaji J.A. Makau aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kushindwa kufanya uchunguzi wa haraka, wa kina na wa kitaalamu. Aliwaamuru watekeleze wajibu huo. Kesi hiyo ilikuja kujulikana ndani na nje ya Kenya kama kesi ya 'Wasichana 160', jina lililotokana na idadi ya wasichana waliopitia katika makao ya shirika hilo.

Umaarufu wa kesi hiyo umewafanya wengi kusahau swali la msingi: iliwezekanaje watoto maskini kumfikisha mkuu wa polisi wa taifa zima mahakamani?

Jibu limo katika Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu au shirika kufungua kesi kwa niaba ya yule asiyeweza kujitetea mwenyewe, pale haki za kimsingi zinapokiukwa au kutishiwa. Kifungu hicho kinaongeza kwamba kesi za aina hiyo hazipaswi kutozwa ada za kuzifungua, na kwamba mahakama isizikatae kwa sababu tu hazikuandikwa kwa ufundi wa kisheria. Nacho kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na kama ni lazima ada itozwe, iwe ya kadiri isiyomfungia mtu mlango.

Mlango huo, hata hivyo, haumfai kila mwenye shida. Anayezozania mpaka wa shamba na jirani yake, au anayedai deni la magunia ya maharagwe, hana kesi ya haki za kimsingi. Yeye huingia mahakamani kwa njia ya kawaida, yenye ada, fomu na tarehe za kutajwa zisizokwisha. Hata huyo ana kanuni ya kumtetea, ingawa ni wachache wanaoifahamu. Kanuni za mashauri ya madai za mwaka wa 2010 zinamruhusu mtu fukara kuomba afungue kesi bila kulipa ada, baada ya mahakama kuthibitisha hali yake.

Katika kesi za jinai, Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa dhuluma kubwa itatokea endapo hatapewa. Maneno hayo 'dhuluma kubwa' yamezua mjadala mrefu. Kwa miaka mingi, aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili na serikali, ilhali aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, ambao pia adhabu yake ni kifo, alijitetea peke yake kwa sababu tu kesi yake ilisikizwa na hakimu. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilieleza mambo ya kuzingatiwa: uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kumlipa wakili, umri wake, kiwango chake cha elimu na ugumu wa kesi yenyewe. Mshtakiwa anayejua vigezo hivi anaweza kumwomba hakimu avizingatie siku ile ile anaposomewa mashtaka. Asiyevijua hunyamaza, na kesi husonga.

Ili kuziba pengo hilo Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka wa 2016. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyorithi kazi ya mpango ulioanzishwa na serikali mwaka wa 2008. Inampa nafasi raia asiye na uwezo, mtoto, mkimbizi, na aliyehamishwa makwao. Inagharimia ushauri, uandishi wa hati, upatanisho na hata wakili wa kusimama mahakamani. Haigharimii kesi za kampuni, kodi, kufilisika, kukusanya madeni wala kuchafuliwa jina. Anayetarajia serikali imsaidie kumshtaki jirani aliyemtukana sokoni Gakoromone hana budi kutafuta pesa zake mwenyewe.

Jambo kubwa zaidi katika sheria hiyo, na pengine ndilo linalogusa vijiji vya Igembe na Mbeere kuliko mengine yote, ni kutambuliwa rasmi kwa wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili. Ni watu waliofunzwa misingi ya sheria: mwalimu mstaafu, kiongozi wa kikundi cha akina mama, kijana wa kanisa. Kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila kutambuliwa na sheria yoyote, wengi wao chini ya mashirika ya kijamii na tume za haki na amani za Kanisa Katoliki. Barani Afrika wazo hili si geni; Malawi ilianza kuwapeleka wasaidizi kama hao magerezani karne hii ilipokuwa ikianza, na Azimio la Lilongwe la mwaka wa 2004 likazihimiza nchi nyingine kufuata mkondo huo.

Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kujifanya wakili. Sheria ya Mawakili inalifanya hilo kuwa kosa. Thamani yake iko kwingine. Anajua ni afisi gani ya kuendea na karatasi ipi ya kubeba. Anamwandamana mama hadi kituo cha polisi, na mama akifika na mtu anayejua sheria, taarifa yake huandikishwa. Anamweleza kijana aliyekamatwa kwamba ni lazima afikishwe kortini katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi korti ikiwa imefungwa, na kwamba kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hairuhusu awekwe rumande. Anajua pia kwamba asiyeelewa Kiingereza wala Kiswahili ana haki ya mkalimani bila malipo, jambo lenye uzito kwa mzee anayezungumza Kimeru, Kiembu au Kimbeere pekee.

Lakini waulize wafanyao kazi hiyo ni shauri gani hasa huwapotezea wanyonge mali yao katika sehemu hizi, na jibu litakuwa mirathi.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, iliziacha nje ardhi za kilimo za baadhi ya wilaya za wafugaji. Meru na Embu hazikuwamo katika orodha hiyo. Kwa hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, shamba la marehemu asiyeacha wasia katika kaunti hizi limekuwa likitawaliwa na sheria hiyo na wala si mila. Kifungu cha 38 kinasema kwamba pasipo mjane, mali igawanywe sawasawa miongoni mwa watoto. Hakitofautishi mwana na binti. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri, katika mzozo wa familia ya Meru, ilisisitiza kwamba usawa huo haujali jinsia, wala kama binti ameolewa au hajaolewa.

Hata hivyo, kanuni nzuri haimfikii mtu hivi hivi. Anayetaka kurithi kihalali huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Hapa ndipo mengi huharibika, kwani barua hiyo huweza kuwaacha nje mabinti walioolewa. Aliyeachwa anaweza kuandika pingamizi. Ombi likishawasilishwa, ilani huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya kupewa barua za usimamizi, kwa kawaida ni lazima miezi sita ipite kabla ya mahakama kuthibitisha mgao.

Wajane wengi hukwama mapema zaidi, wakiamini kwamba shemeji akikataa kutia saini idhini, safari imekwisha. Si kweli. Kanuni zinamruhusu mwombaji kuapa kwamba fulani amearifiwa na amekataa, na mahakama ikaendelea. Vilevile, mtu anayehofia kwamba shamba litauzwa kabla ya kesi kusikizwa anaweza kwenda katika afisi ya usajili wa ardhi na kuweka zuio, ili hati isihamishwe bila yeye kujulishwa. Na anayeanza kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45.

Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, kesi hizi si lazima zifike Mahakama Kuu. Hakimu mkuu anaweza kusikiza shauri la mali ya hadi Sh20 milioni, na hakimu mkazi hadi Sh5 milioni. Kwa mkazi wa Evurore, hilo humaanisha Siakago badala ya Embu mjini. Kwa wa Mutuati, Maua badala ya Meru. Nauli iliyookolewa huenda ndiyo inayoamua kama kesi itafuatiliwa au itaachwa.

Wengine hawaendi kortini kabisa. Huwaendea wazee. Baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru katika eneo la Tigania, limeamua kesi za Wameru tangu kabla ya ukoloni, na Katiba, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kutatua migogoro. Mwaka wa 2013 korti ya Meru ilikubali maafikiano ya wahusika wa kesi ya ardhi kwamba mzozo wao upelekwe kwa baraza hilo. Mnamo 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera kuhusu mifumo hiyo mbadala.

Wazee wana sifa zao: wanazungumza lugha ya watu, wanaijua historia ya shamba, na uamuzi wao huwaacha majirani wakisalimiana. Lakini Njuri Ncheke kwa desturi ni baraza la wanaume, na binti anayedai sehemu ya shamba la babake ana sababu ya kusita kabla ya kuketi mbele yake. Katiba yenyewe inaweka mpaka: njia za jadi zisikiuke Sheria ya Haki. Kesi ya unajisi, kwa mfano, si ya kumalizwa kwa mbuzi.

Kwa madeni madogo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mhusika anaweza kujisemea mwenyewe, na hukumu inatakiwa kutolewa katika siku 60. Muuza muguka aliyepokonywa faida na dalali anafaa huko. Mchuma majani chai asiyelipwa ujira hafai, kwani masuala ya ajira yametengwa. Yeye aende kwa afisa wa leba, au kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya kusikiza mizozo ya wanaopata mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi.

Mawakili wenyewe hujitokeza mara moja kwa mwaka, Chama cha Mawakili cha Kenya kinapoandaa wiki ya uhamasisho ambapo ushauri hutolewa bure katika mahakama mbalimbali. Ni jambo la kushukuriwa, japo matatizo ya ardhi hayangoji wiki hiyo.

Hasa pale ambapo ardhi bado inapimwa na kugawanywa. Katika sehemu za Tigania, Igembe na Mbeere, ambako koo zimezozana kwa miongo mingi, Sheria ya Uamuzi wa Ardhi haimruhusu mtu kukimbilia mahakama za kawaida bila idhini ya afisa wa zoezi hilo. Rejista ikikamilika na kutangazwa, mwenye malalamiko ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Asiporidhika na uamuzi wa afisa, ana siku nyingine 60 za kukata rufaa kwa waziri, ambayo husikizwa na afisa wa utawala kwa niaba yake. Uamuzi huo ni wa mwisho. Kinachobaki ni kuiomba mahakama ichunguze kama utaratibu ulifuatwa, na ombi la kutangua uamuzi huo lazima lifikishwe katika muda wa miezi sita.