Mababu wa Buyenzi hawakupotea, walihamishwa daftari

Mwombe mkazi wa Buyenzi, mjini Bujumbura, akuhesabie ukoo wake. Atakutajia baba, babu, pengine babu mzaa babu, kisha atafika kwa mtu mmoja "aliyetoka Ujiji" au "aliyekuja na msafara", na hapo hesabu itakatika. Anayekwenda kutafuta nyaraka naye hukutana na ukimya uleule, akaamua kwamba mzee huyo hakuandikwa popote. Uamuzi huo una haraka. Waswahili wa Bujumbura ni miongoni mwa watu walioandikwa sana na wakoloni katika nchi hii, kwa kuwa waliishi mjini karibu na boma, wakalipa kodi, wakapimiwa viwanja, wakapewa vibali vya kukaa na kusafiri. Mkulima wa kilimani Muramvya aliweza kuishi miaka mingi bila karani kumjua; fundi cherehani wa mjini hakuweza. Ila kila mara hali ya mtu ilipobadilika, alihamia daftari jingine, na katika daftari jipya aliingia na jina, kabila na mahali vilivyoandikwa upya. Anayefuata jina moja tangu mwanzo hadi mwisho humpoteza mzee wake pale daftari moja linapoishia na jingine linapoanza. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tuache kulifukuza jina, tutafute mahali mtu alipovuka kutoka orodha moja kwenda nyingine, na tujiulize ni nani aliyeshika kalamu na alihitaji kujua nini.

Fikiria wakubwa waliopishana katika mji huu mmoja. Wajerumani walijenga boma Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na pembeni yake wakakusanyika askari, wapagazi, mafundi na wachuuzi kutoka Ujiji, Tabora, Umanyema na pwani. Mwaka 1906 mji ukawa makao ya mtawala wa Kijerumani wa Urundi, hadi makao hayo yalipohamishiwa Gitega mwaka 1912. Juni 1916 wakaingia Wabelgiji. Hao ndio waliowakusanya Waswahili Buyenzi, kando ya mto Ntahangwa, katika mitaa iliyonyooshwa na kupewa namba badala ya majina. Mwaka 1962 Urundi ikawa Burundi na Usumbura ikawa Bujumbura, kwa hiyo anayetafuta neno "Bujumbura" katika jalada la mwaka 1925 anajitesa bure. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Kigoma na Ujiji nazo zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921, ndipo zikakabidhiwa kwa Waingereza. Mzee aliyeishi Ujiji mwaka 1919 na kuhamia Usumbura mwaka 1923 anaweza kuwa ameacha karatasi za Kijerumani Dar es Salaam au Berlin, za Kibelgiji Brussels, na za Kiingereza Dar es Salaam tena. Mjukuu wake anapouliza katika ofisi moja tu na kuambiwa hayumo, ameambiwa ukweli kuhusu kabati hilo moja.

Tahajia nayo imewatenganisha ndugu wengi. Karani wa upande wa Waingereza aliandika Hamisi, Juma, Rajabu, Ramadhani, Hassani, Athumani. Karani aliyesoma Kifaransa aliyasikia majina hayohayo akaandika Amissi, Djuma, Radjabu, Ramazani, Assani, Assumani. Ziweke orodha hizo mbili mezani kwa mpangilio wa alfabeti uone: Hamisi yuko kwenye H, Amissi yuko kwenye A, na mtafutaji mwenye saa mbili tu za kusoma hatawahi kuwakutanisha. Juu ya hapo, majina yetu hayana ubini wa kudumu kama wa Wazungu. Juma bin Ramadhani akimzaa Saidi, mtoto ni Saidi bin Juma, na Ramadhani ametoka jukwaani kwa kizazi kimoja tu. Kwa Warundi wenzetu ni vigumu zaidi, kwa sababu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba na wanawe watano wanaweza kuwa na majina sita yasiyofanana, na mtu wa nje asijue kuwa ni nyumba moja.

Kisha kuna safu ya kabila, ambayo watu huiamini kuliko inavyostahili. Mtu akiona mzee wake ameandikwa "Manyema" hufunga safari ya mawazo hadi Kasongo na Nyangwe, kule Umanyema, akadhani amefika kwao. Lakini katika miji ya ziwa Tanganyika, Umanyema ulikuwa mwavuli wa watu wengi waliotoka magharibi ya ziwa: Wakusu, Warua, Waholoholo, Wagoma, Wabwari na wengineo. Wengine waliletwa na misafara ya wafanyabiashara wa watumwa na pembe kama Tippu Tip na Rumaliza wakiwa watoto, hata lugha ya mama zao hawakuikumbuka. Kujiita Mmanyema mjini kulimpa mtu jamaa, wazee wa kumsimamia, watu wa kumzika. Lilikuwa jibu la kweli kwa swali la "jamaa zako ni akina nani hapa?", huku karani akidhani ameuliza "ulizaliwa wapi?" Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana katika karatasi mbili na makabila mawili, na hakuna aliyesema uongo.

Utumwa ndiyo sehemu inayosemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo yenye karatasi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa amri moja. Waliruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, wakatangaza kwamba atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru, na vituo vyao vikatoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu. Huko Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hati ya uhuru ni daraja hasa, kwa sababu inamshika mtu siku ileile anapovuka: jina lake la utumwani lipo, na bwana wake yupo. Mapadri Weupe nao, katika vituo vyao vya Karema na Mpala, waliwakomboa watoto na kuwabatiza, na daftari la ubatizo ni mahali ambapo jina jipya linakutana na maisha ya zamani. Mtu aliyeitwa Mabruki, Feruzi au Almasi akiwa mtumwa aliweza kujichagulia jina jingine akiwa huru, na alikuwa na kila sababu ya kutolitamka tena lile la kwanza mbele ya wanawe.

Waliofichwa zaidi ya wote ni wanawake, na hapa napenda tusimame. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, anamrithi baba sawa na watoto wa mke wa ndoa, na nasaba yake ni ya baba. Sheria hiyo ilimkinga mtoto, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ilifanya pia kwamba mwanamke aliyetekwa ng'ambo ya ziwa, akazaa Ujiji na kuzikwa Usumbura, hana mahali pa lazima katika mnyororo wa majina. Vizazi viwili baadaye ukoo unasema "sisi ni watu wa pwani", na kwa upande wa baba ni kweli, ilhali bibi mzaa babu alikuwa Mbembe au Mrua. Serikali zilizofuata hazikurekebisha pengo hilo. Hata sheria ya uraia wa Burundi ya mwaka 2000 inampa mtoto uraia kupitia baba, na mama huangaliwa tu pale baba asipojulikana au anapomkana mtoto. Kwa hiyo ofisi haijawahi kuwa na haja kubwa ya kumuuliza mtu wa Buyenzi jina la mama wa bibi yake. Nusu ya mababu zetu imekatika kwa kutoulizwa.

Jina likishindwa, tushike nini? Nashauri tushike kiwanja na mashahidi. Parseli ya Buyenzi haitembei. Ina namba, iko katika mtaa wenye namba, na kila ilipouzwa, kurithiwa au kugombaniwa, mtu aliandika. Familia ikijua kwamba nyumba yao ilikuwa mtaa wa nane, imeshapata kitu cha kudumu kuliko Amissi au Hamisi. Hati ya ndoa nayo isomwe kuanzia chini kwenda juu: walii wa bibi harusi na mashahidi wawili hawaokotwi njiani. Mara nyingi ni mjomba, ni jirani wa Ujiji, ni mtu waliyevuka naye ziwa. Asiyeonekana kwa jina lake huonekana kwa marafiki zake, wanaojirudia katika karatasi za miaka 30. Na familia zinazosoma hitima na kuwataja marehemu wao kwa zamu zina orodha ya majina, yakiwemo ya wanawake, ambayo hakuna mkoloni aliyeigusa.

Watasema wengine kwamba siku hizi kipimo cha DNA kinamaliza kazi yote. Kinasaidia, hasa kwa wanawake, kwa kuwa iko DNA ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini ni mabinti tu wanaoipitisha mbele. Hata hivyo kipimo hukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na waliopimwa kutoka Fizi, Kabambare au Kasongo ni wachache mno. Kinaweza kukwambia una damu ya Afrika ya kati. Hakitakwambia alivukia wapi wala na nani. Wengine watasema kumbukumbu za wazee si ushahidi. Peke yake hazitoshi, kweli, lakini karatasi ya karani aliyeandika "Manyema" bila kuelewa jibu haina heshima zaidi ya maneno ya bibi kizee. Vyote viwili vinahitaji kupimwa kwa kitu cha tatu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba wapo waliopotea kweli. Katika mauaji ya mwaka 1972 watu walichukuliwa wasirudi, na wengine wakakimbilia Tanzania hadi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 1995 Buyenzi yenyewe ilimwaga damu na kutoa wakimbizi. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yamefukuliwa katika makaburi ya pamoja mkoani Karuzi, wengi wao bila majina. Sitathubutu kusema hao wamehamishwa daftari tu. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kutofautisha mtu aliyeuawa na mtu aliyebadilishiwa jina: ndugu wa aliyeuawa wanadai haki na mazishi, ndugu wa aliyebadilishiwa jina wanahitaji subira na kusoma. Kuwachanganya wote katika neno "alipotea" ni kuwadhulumu wote.

Kwa anayeogopa kufukua aibu ya utumwa, jibu langu ni kwamba aibu ni ya aliyeuza. Aliyeuzwa, akavuka ziwa, akajikomboa na kujenga nyumba Buyenzi anastahili kutajwa kwa jina lake. Nawaomba basi wenye hati za zamani nyumbani: msizipake plastiki, zipigeni picha pande zote mbili, kwa kuwa mihuri na majina ya mashahidi mara nyingi yako nyuma. Kisha mwulizeni mzee aliye hai jina la mama wa bibi yake, liandikwe na tarehe ya leo.