Siku Moja ya Kalenda na Nzige wa Bonde la Rukwa

Mwezi Mei, mvua zinapokoma katika uwanda wa juu wa Ufipa, wakulima wa Kasense, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, huanza kutazama mahindi yao yanavyokauka shambani yakingoja kuvunwa. Katika mwezi huohuo, tarehe 12, mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Afya ya Mimea. Ni wakulima wachache wanaoijua siku hiyo. Hata hivyo, uamuzi wa kuianzisha una asili yake karibu sana na Ufipa kuliko inavyodhaniwa: Zambia, jirani wa Rukwa, ndiyo iliyoupigania katika Umoja wa Mataifa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouunga mkono. Baraza Kuu la Umoja huo liliupitisha mwaka 2022.

Yafaa kuuliza: je, tarehe iliyoandikwa katika kalenda yaweza kumlinda mkulima? Jibu halitafutwi mbali. Liko chini ya kingo za uwanda wenyewe, katika mbuga za Ziwa Rukwa.

Asili ya siku za kimataifa

Siku hizi hazikuzuka zenyewe. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, ni kumbukumbu ya kufunguliwa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972 kuzungumzia mazingira ya binadamu. Siku ya Afya ya Mimea nayo ilitanguliwa na mwaka mzima, yaani 2020, uliotengwa kwa shabaha hiyohiyo. Siku ya namna hii haioti mmea wala haiui mdudu. Kazi yake ni kama ile ya kengele ya shule: huwaita watu, lakini haifundishi somo. Somo hufundishwa baada ya kengele kunyamaza, na thamani ya kengele hupimwa kwa somo hilo.

Nzige mwekundu na mazalio yake

Mji wa Sumbawanga uko katika uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msafiri anayeteremka kwa njia ya Ntendo kwenda Muze hushuka ghafla kwenye Bonde la Ufa, ambako Ziwa Rukwa liko katika mwinuko wa karibu mita 800. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa kukauka na jua tu, kwa hiyo kina chake hupanda na kushuka sana kufuatana na mvua. Maji yakipanda, hufunika mbuga za nyasi. Yakirudi nyuma, huacha ardhi tambarare yenye unyevu inayoota nyasi upya. Mazingira hayo ndiyo yanayompendeza nzige mwekundu, ambaye wanasayansi humwita Nomadacris septemfasciata.

Nzige huyu huzaa kizazi kimoja kwa mwaka. Mvua zinapoanza, jike hutaga makumi ya mayai katika udongo wenye unyevu, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka tunutu wasio na mabawa. Tunutu hao hujivua ngozi mara kadhaa, na kufikia mwisho wa masika huwa wamekwisha kuota mabawa. Kisha hukaa kiangazi kizima bila kuzaa, wakingoja mvua nyingine. Mioto ya nyasi ya kiangazi huwasukuma kwenye vipande vichache ambavyo havikuungua, na hapo husongamana.

Msongamano huo ndio hatari yenyewe. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov, aliyefanya kazi London, alieleza kwamba nzige mmoja aweza kuwa na hali mbili. Akiwa peke yake huishi kama panzi wa kawaida na hamsumbui mtu. Wakisongamana, hubadilika rangi, umbo na tabia: huacha kukwepana, hufuatana, na hatimaye huruka pamoja. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba hizo ni aina mbili za wadudu.

Ugunduzi huu ulikuwa na maana kubwa kwa mkulima. Ikiwa makundi hutokana na nzige waliosongamana mahali fulani, basi yawezekana kuyazuia pale pale yanapoanzia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mazalio ya nzige mwekundu ni machache. Katika Tanzania ni mbuga za Rukwa, Iku huko Katavi, Malagarasi na Wembere. Zambia ina Mweru wa Ntipa na mbuga za mto Kafue, na mengine yako Malawi na Msumbiji.

Mipaka isiyotambuliwa na mdudu

Kati ya mwaka 1930 na 1944, makundi ya nzige mwekundu yalienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta. Nzige aliyekomaa hula kiasi kinacholingana na uzito wake, yaani karibu gramu 2, kwa siku moja. Mwanafunzi na afanye hesabu: kundi la nzige milioni 40 litakula kilo 80,000 kwa siku, sawa na magunia 800 ya kilo mia moja. Kundi hilo halisimami mpakani kuonyesha hati ya kusafiria. Nchi yenye mashamba huenda haina mazalio, na nchi yenye mazalio huenda haina fedha za kuyalinda peke yake.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 ulitiwa saini huko London mkataba wa kudhibiti daima mazalio ya nzige mwekundu. Makao ya chombo kilichoundwa yaliwekwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, upande wa pili wa mpaka kutoka Ufipa. Nchi zilipopata uhuru ziliirithi kazi hiyo na kuiweka chini yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliundwa Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu kwa Afrika ya Kati na Kusini, lenye makao Ndola, Zambia. Tanzania ni mwanachama, pamoja na Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na nchi nyingine. Shirika hilo hushughulika pia na viwavijeshi na ndege waharibifu aina ya kwelea kwelea.

Jaribio la mwaka 2009

Mwaka 2009 nzige walizidi kwa kiasi cha kutisha katika mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Ilikuwa vigumu kutumia sumu za kawaida, kwani sehemu ya mbuga hizo ni makao ya tembo na viboko, na sumu ikiingia majini huwadhuru samaki na watu. Shirika la Ndola, Serikali ya Tanzania na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) walitumia ndege kunyunyiza kuvu aitwaye Metarhizium kwenye eneo la karibu hekta 10,000. Mbegu za kuvu huyo hupenya ngozi ya nzige, humea ndani ya mwili wake, na kumuua katika muda wa wiki moja hadi tatu, bila kuwadhuru ndege wala wanyama wakubwa. Makundi yalizuiwa. FAO ilieleza kuwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya namna hiyo kutumiwa dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa barani Afrika.

Kuvu huyo naye ana historia ya ushirikiano. Alipatikana kutoka kwa panzi wa Niger, akafanyiwa utafiti na wanasayansi wa Afrika na Ulaya tangu mwisho wa miaka ya 1980, na hatimaye akailinda mihogo na mahindi ya watu ambao hawajapata kuiona Niger.

Tatizo la kazi isiyoonekana

Tangu mwaka 1944 halijatokea tena wimbi la nzige mwekundu la ukubwa ule. Si haki kudai kwamba kila mwaka wa salama ulitokana na juhudi za watu. Mvua na mafuriko nayo hupunguza nzige. Lakini hapana shaka kwamba upelelezi wa kila mwaka umezima makundi mengi yakiwa bado machanga.

Hapa ndipo penye mtihani. Kazi ya kuzuia ikifanikiwa, hakuna cha kuonyesha. Shamba lililoliwa hupigwa picha. Shamba lililosalimika halina habari. Matokeo yake, nchi wanachama huchelewesha michango, ndege za upelelezi hukosa mafuta, na mbuga hukaa bila kukaguliwa. Nzige hawangoji bajeti. Gharama ya kukagua mbuga moja ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kulifukuza kundi lililokwisha kutawanyika katika nchi tano.

Kwa hiyo tarehe 12 Mei ina manufaa mahususi kwa Rukwa. Huangukia wakati nzige wamekwisha kuota mabawa na kiangazi kinaanza, yaani majira yanayofaa kwa ukaguzi. Serikali ikiulizwa siku hiyo kama mchango umelipwa na kama mbuga zimekaguliwa, kengele itakuwa imefanya kazi yake.

Shule nazo zina nafasi. Wanafunzi wa Sumbawanga wanaweza kupima mvua kila siku, kuhesabu panzi katika kipande kilekile cha nyasi kila mwezi, na kulinganisha takwimu za mwaka huu na za mwaka uliopita. Wenzao wa bondeni, huko Muze na Mtowisa, wanaweza kufanya vivyo hivyo na kupelekeana matokeo. Wakiona tunutu waliokusanyika, wamwarifu ofisa kilimo mara moja. Hivyo ndivyo hata upelelezi mkubwa unavyoanza: mtu anayetazama mahali pamoja kwa uvumilivu, akaandika alichokiona, akamjulisha jirani yake.