Faini za ULEZ: Anwani ya Kwenye Kadi ya Gari Ndiyo Inayotuponza

Tangu ada ya magari yanayochafua hewa, ULEZ, ienezwe London nzima tarehe 29 Agosti 2023, kila baada ya msiba au harusi tunaulizwa swali lilelile: mbona nimeletewa faini, na sikuona geti wala askari?

Safari hii yamemkuta mama mmoja wa Northampton. Alimwazima shemeji yake gari, dizeli ya 2012, aende kuhani msiba Barking. Shemeji aliingia London Jumamosi jioni, akakaa na wafiwa, akaondoka saa saba usiku. Hizo ni siku mbili, kwa sababu siku ya ULEZ inakatika saa sita usiku. Pauni 12.50 mara mbili, jumla 25, na angeweza kuzilipa hadi siku ya tatu baada ya kila safari. Hakulipa, kwa kuwa hakujua.

Anayedaiwa ni mtu ambaye jina lake limo kwenye kadi ya gari, hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa mwingine. Barua zilikwenda kwenye nyumba ambayo mama alishahama. Yeye alikuwa amebadilisha anwani kwenye leseni ya udereva, akaamini mambo yamekwisha. Hayakwisha! Leseni na kadi ya gari ni kumbukumbu mbili tofauti; ukibadilisha moja, nyingine inabaki na anwani ya zamani. Kila siku ambayo haikulipiwa ina faini yake ya pauni 180, inayopungua hadi 90 ukilipa ndani ya siku 14, na kupanda hadi 270 ukinyamaza. Alikuja kujua habari hizo siku madalali wa mahakama walipogonga mlango.

Hapa ndipo subira inaponiishia. Kamera inaisoma namba ya gari papo hapo, lakini mwenye gari haambiwi kitu mpaka muda wa kulipa umepita. Anayetaka hewa safi angemjulisha dereva mapema.

Hasira za wenzetu nazielewa. Anayehudumia wazee zamu ya usiku kwa gari kuukuu analipa ada mbili kwa zamu moja, na ruzuku ya kusalimisha magari ya zamani ilifungwa Septemba 2024. Wapo waliouza magari kwa bei ya kutupa. Lakini siungi mkono wanaosema suala la hewa ni kisingizio tu. Ella Adoo-Kissi-Debrah wa Lewisham alifariki 2013 akiwa na miaka 9, na mwaka 2020 uchunguzi wa kifo chake uliamua kwamba hewa chafu ilichangia. Watoto wetu wanasoma kando ya barabara hizohizo.

Msinunue gari kwa kuangalia mwaka peke yake. Petroli nyingi za kuanzia 2006 hazitozwi, na dizeli nyingi za kabla ya Septemba 2015 zinatozwa. Ndiyo maana dizeli za 2013 zinauzwa rahisi na zinatuvutia. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL yenyewe, mamlaka ya usafiri ya London, kabla ya kutoa hela. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, maana zipo tovuti za watu wa kati zinazojipachika juu kwenye matokeo ya utafutaji na kutoza zaidi. Ukiuza gari, waarifu DVLA, idara inayosajili magari, siku hiyohiyo. Kupeana mikono hakutoshi.

Na kama deni limeshafika kwa madalali bila wewe kupata barua, usijifungie ndani. Unaweza kupeleka tamko la kiapo kwenye kituo cha mahakama kinachoshughulikia faini za barabarani, ukaeleza kuwa barua haikukufikia. Likikubaliwa, amri ya kukudai inafutwa na unapewa nafasi ya kujibu faini ya awali.

Kabla ya kumkabidhi ndugu ufunguo, toa kadi ya gari uisome anwani. Kuibadilisha ni bure.