Basi ya Shule Imeoza Sakafu? Usikubali Fundi Aifunike na Bati

Nganya tunazicheki poa sana. Rangi, taa, skrini, mziki, mpaka jina ya dere tunajua. Lakini pale miguu inakanyaga, nani hucheki? Na basi za shule ndio noma zaidi, juu sheria inataka zikuwe manjano, na manjano mpya huficha gari imechapa vibaya.

Hii si story ya kutisha watu bure. Julai 2012 huko Chennai, India, mtoi wa darasa la pili alianguka kwa shimo ya sakafu ya basi ya shule akakanyagwa na tairi. Nairobi pia ishawahi kuzika mtoi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa chukua basi mzee ya Gilgil. Msimu wa mvua watoi wanaingia na viatu za matope. Kiangazi ni vumbi, na ukipita Kariandusi kwa machimbo ya diatomaiti ni ile nyeupe kama unga. Jioni makanga anashika ndoo anamwaga maji ndani. Aki, hapo ndio shida huanza. Maji inapenya kando ya zulia ya plastiki, hapo kwa ngazi ya mlango na kwa mashimo ya bolti za viti, inafika kwa plaiwudi. Zulia imefunika juu, so haikauki. Plaiwudi ni tabaka za mbao zimegandishwa na gundi, na kingo zake hunyonya maji ka mrija. Ikikaa na unyevu hivyo, kuvu inaanza kuila polepole. Juu unaona zulia safi, chini ni uji.

Kuijua ni rahisi: inua zulia, dunga mbao na bisibisi. Ikizama bila kulazimisha, hiyo imeenda. Anza na mlangoni, kona za nyuma na chini ya madirisha zenye raba imepasuka.

Fundi wa haraka atakuambia mpige bati juu ya ile mbao imeoza, mmalize na jioni. Kataa. Bati inafungia maji ndani, na bolti za viti zinabaki zimeshikilia hewa. Mikanda ya usalama imefungwa kwa kiti. Kiti ikingʼoka, mkanda inaenda nayo.

Kazi ya ukweli inataka viti zote zitoke, plaiwudi yote itoke, halafu mwangalie vyuma. Mara nyingi hapa ndio bajeti hulia, juu mihimili chini ya sakafu nayo imeliwa na kutu. Iliyooza inakatwa, inachomelewa mpya. Kabla welda awashe mashine, betri itolewe waya, na mabomba ya breki, waya na tangi ya mafuta vikingwe poa, juu cheche haichagui. Baadaye kwangua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke.

Mbao ya kununua ni marine bodi ya milimita 18, ile ya futi nane kwa nne. Lakini jina "marine" haikuokoi ukiikata na ukaacha kingo uchi. Kila kingo na kila tundu la bolti ipakwe vanishi au rangi ya mafuta kabla ibandikwe, na upande wa chini pia. Maungio ya mbao yakae juu ya muhimili, si hewani. Viti zifungwe mpaka kwa chuma, na washa pana chini.

Na kabla mrudishe zulia, zibeni pale maji ilikuwa inaingilia: raba za madirisha, paa, ngazi. Ukiacha hizo, umenunulia kuvu chakula mpya. Makanga naye abadilishe style, afagie vumbi kwanza, apanguse na kitambaa kimekamuliwa, aache milango wazi mpaka ndani ikauke. Ndoo ibaki ya kuosha tairi.