Je, Wajua? Dawa ya Usingizi Hutoka kwa Pumzi

Mgonjwa wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, aliyefanyiwa upasuaji mdogo asubuhi, jioni akiwa ndani ya matatu akirudi nyumbani, bado anatoa chembe za nusukaputi kila anapopumua. Ni chache mno, jirani yake kwenye kiti hazimdhuru.

• Inakoingilia ndiko inakotokea. Nusukaputi ya kuvuta huingia mapafuni, hubebwa na damu hadi ubongoni, kisha sehemu kubwa hurudi mapafuni na kutoka vilevile ilivyoingia. Mgonjwa huzinduka kwa kupumua tu.

• Ini huchukua fungu lake. Halotheni, nusukaputi ya kuvuta iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1956, huvunjwa na ini kwa takriban asilimia 20. Sevoflureni ni asilimia 2 hadi 5. Isoflureni ni asilimia 0.2 pekee. Kimeng'enya kikuu kinachozivunja husaidia pia kuvunja pombe. Mabaki hutoka kwa mkojo.

• Mafuta ya mwili ni ghala. Dawa hujificha humo, kisha hurudi kwenye damu polepole. Upasuaji ukichukua saa nyingi, ghala hujaa zaidi, na mgonjwa huweza kuchelewa kuchangamka.

• Macho kufunguka si kupona. Mwendeshaji wa bodaboda asishike usukani kwa saa 24 baada ya nusukaputi, hata akijihisi mzima. Aje hospitalini na mtu wa kumpeleka nyumbani.